Sura ya Saba: Kudai Talaka kwa Mdomo Wako

Tangu Machi 2021 mshahara wa chini kabisa nchini Qatar ni riyali 1,000 kwa mwezi. Mwajiri asiyetoa malazi wala chakula anaongeza 500 na 300. Mlinzi wa Kilifi, mfanyakazi wa ndani wa Tanga, dereva wa Kampala, wengi wao wanazunguka hapo hapo, na fedha hizo zina wenyewe kabla hazijaingia: karo, dawa za mama, kiwanja kinacholipwa kidogokidogo. Ndoa ya mtu kama huyu ikivunjika, hesabu ya wakili haifiki mbali. Anaamua kujisimamia, na mara nyingi anaamua kabla hajajua atasimama mahakama gani, ya nchi ipi, mbele ya sheria ipi.

Simlaumu. Kwa watu wengi nadhani uamuzi huo ni sahihi, na pwani yetu ina historia ndefu ya watu kujisemea. Mtafiti Susan Hirsch, aliyekaa kwenye mahakama za kadhi za pwani ya Kenya, alionyesha katika kitabu chake cha 1998 jinsi wanawake wa Kiswahili wanavyopeleka shida zao wenyewe mbele ya kadhi, wakasimulia yaliyowapata nyumbani, na mara nyingi wakaondoka na walichokitaka. Tanzania Bara nako, hadi 2021, wakili hakuruhusiwa kabisa kumwakilisha mtu katika mahakama ya mwanzo. Vizazi vizima vya Watanzania vimeachana kisheria bila wakili, kwa sababu sheria yenyewe ilitaka hivyo. Kwa hiyo anayekuambia kwamba talaka bila wakili ni wazimu, hawajui watu wetu.

Lakini wale walikuwa wanasema kwa lugha yao, mbele ya mtu wa mji wao, juu ya ndoa iliyofungwa mtaa wa pili. Wewe uko Doha. Jambo la kwanza la kujiuliza, kabla ya habari ya wakili, ni hili: mwenzio yuko wapi?

Kama mko Doha wote wawili, mlango wa mahakama ya familia uko wazi kwenu. Sheria inayoongoza ni Sheria ya Familia Namba 22 ya 2006, na imejengwa juu ya madhehebu ya Hanbali. Kifungu cha 4 kinawaachia nafasi Waislamu wa madhehebu mengine, na wasio Waislamu, kufuata hukumu zao. Kwa Mswahili hilo si jambo dogo, kwa kuwa sisi wa pwani, tangu Lamu hadi Kilwa na visiwani, ni watu wa Shafi.

Angalia linavyogusa khului. Kwa desturi ya makadhi wetu, khului ni makubaliano: mke anarudisha mahari au kitu, mume anakubali, ndoa inakwisha. Mume akikataa, mke hugeukia fasakhi, na huko lazima athibitishe sababu: hatunzwi, anapigwa, ametelekezwa. Sheria ya Qatar, kifungu cha 122, inakwenda mbele zaidi. Wanandoa wasipokubaliana juu ya khului, mahakama huteua wasuluhishi wawili kwa muda usiozidi miezi 6. Wakishindwa kuwapatanisha, jaji anaweza kuamua khului hata kama mume hataki, na mke anarudisha mahari aliyopokea. Mwanamke wa Mombasa ambaye mumewe ameapa kumning'iniza, hamwachi wala hamtaki, anaweza kupata Doha kitu ambacho nyumbani kingemchukua ushahidi mwingi na mashahidi wasiopatikana. Upande wa pili, mume anaweza kusimama na kusema wao ni watu wa Shafi na anataka hukumu za Shafi. Jaji atalipokea vipi? Hapo pana swali ambalo mtu asiye mwanasheria halijibu kwa kubahatisha, na ni swali moja tu, la saa moja ya mshauri. Nitalirudia jambo hili la saa moja.

Khului ina gharama nyingine inayosahaulika na mtu mwenye haraka ya kutoka. Mke anayetoka kwa khului anajinunua. Anayetoka kwa kuthibitisha madhara, au anayeachwa na mume, ana haki za kudai: mahari iliyobaki, matunzo ya eda, na kitulizo cha mke aliyeachwa. Mwanamke aliyechoka huchagua mlango wa karibu, na wakati mwingine ni haki yake kuuchagua, kwa kuwa amani ina thamani yake. Ila achague akijua anachokiacha mezani. Nimesikia wanawake wengi wakisema, "Nilitaka karatasi tu." Karatasi hiyo hiyo ingeweza kuja na nauli ya kurudia nyumbani na kodi ya miezi ya mwanzo.

Katika kesi ya mume anayetaka kuacha, sheria inamtaka atamke talaka mbele ya jaji, na jaji kwanza hujaribu kuwapatanisha. Talaka iliyotamkwa nyumbani, au iliyoandikwa kwa WhatsApp saa sita za usiku, inabaki ni jambo la kuthibitishwa mahakamani. Usiufute ujumbe huo. Na usijihesabu huru kwa ajili yake: Qatar inahesabu zinaa kuwa kosa la jinai, na mwanamke anayeamini ameachwa huku daftari la mahakama linasema ni mke wa mtu, yuko mahali pabaya sana.

Njia ya kwenda kwa jaji hupitia kwenye usuluhishi. Wifaq, kituo cha ushauri wa familia, ndicho mahakama inachokitumia kwa kazi hiyo, na watu wanaweza kukiendea wenyewe kabla hata hawajafungua shauri. Hapo huhitaji wakili. Hapo, kwa maoni yangu, wakili anaweza hata kuharibu, kwa sababu mzungumzaji wa kulipwa huwafanya wawili waliokuwa tayari kumalizana wakae kama maadui. Mkitoka pale mmeandika nani anakaa na watoto, nani analipa nini na kwa tarehe ipi, sehemu ngumu ya talaka imekwisha. Aliyepigwa au anayetishwa asianzie kwenye meza ya kupatanishwa. Aanzie Kituo cha Aman, kinachowahudumia wanawake na watoto waliodhulumiwa, kwa simu 919.

Ukishindwa huko na ukaingia mahakamani, utakutana na ukuta wa lugha. Lugha ya mahakama za Qatar ni Kiarabu. Asiyekijua husikilizwa kupitia mkalimani, na kila hati yako, tangu cheti cha ndoa cha Kwale hadi risiti ya shule, inatakiwa iwe imetafsiriwa na mfasiri anayetambuliwa. Mswahili aliyesoma madrasa na kuishi Doha miaka kumi anaweza kudhani Kiarabu chake kinatosha. Kiarabu cha sokoni na Kiarabu cha jalada la mahakama ni vitu viwili mbali. Tenga fedha za tafsiri hata kama hutengi za wakili, na usimtumie rafiki wa mumeo, wala wa mkeo, kama mkalimani wako, hata awe mtu wa dini namna gani.

Wakili naye Doha si yeyote mwenye ofisi na bango. Kusimama mahakamani kutetea ni kazi ya mawakili Waqatari waliosajiliwa chini ya Sheria Namba 23 ya 2006. Wanasheria wengi wa kigeni mjini wanatoa ushauri na kuandaa nyaraka. Mtu akikuambia kwa Kiswahili kizuri kwamba atakusimamia mbele ya jaji, muulize jina la wakili Mqatari atakayesimama. Kama hana jibu, usimpe hata riyali moja.

Mambo mawili ndiyo hunifanya nimwambie mtu wa Doha asithubutu kwenda peke yake: ukaazi na watoto.

Mke aliyeingia kwa viza ya familia, mumewe ndiye mdhamini wa ukaazi wake. Talaka ikisajiliwa, msingi wa ukaazi huo umeondoka, na mume anayetaka kukomoa anaweza kuufuta. Shauri la watoto lililokuwa linaendelea vizuri linabaki na mama aliyepaswa kupanda ndege. Kama una kazi au unaweza kupata, uhamishie ukaazi wako kwa mwajiri kabla hujafungua mdomo mahakamani. Wapo wanaoona huo ni ujanja. Mimi naona ni sawa na kuvaa viatu kabla ya kuvuka kichaka cha miiba.

Watoto ni zito zaidi. Chini ya sheria ya 2006 mama hukaa na mtoto wa kiume hadi miaka 13 na wa kike hadi 15, na mahakama inaweza kuongeza muda huo ikiona ni heri kwa mtoto. Hilo ni jambo la malezi ya kila siku. Baba anabaki kuwa walii: saini ya shule, pasipoti, ruhusa ya kusafiri, vyote vinapita kwake. Human Rights Watch, katika ripoti yake ya Machi 2021 juu ya mamlaka ya wanaume kwa wanawake wa Qatar, ilieleza kwa urefu jinsi mama mwenye malezi anavyoweza kukwama kwa kukosa ruhusa ya baba. Sasa mfikirie mama wa Zanzibar aliyekubaliana na mumewe kwa upole kabisa kwamba watoto watabaki naye, wakaandika hivyo na neno la safari halikutajwa. Ana malezi, lakini hawezi kumpandisha mtoto ndege kwenda Unguja kumwona bibi yake. Sentensi moja ingetosha. Sentensi hiyo ndiyo kazi ya wakili, na ndiyo sababu nasema mwenye mtoto asisaini makubaliano yoyote Doha bila kumpa mwanasheria ayasome kwanza, hata kama yote mengine ameyafanya mwenyewe.

Lakini Waswahili wengi wa Doha hawako huko pamoja na wenzao wa ndoa. Wengi walikwenda peke yao. Mtu yuko Sanaya, eneo la viwanda, au kwenye chumba cha nyuma cha nyumba ya tajiri, na ndoa yake iko Muheza, Malindi, au Makunduchi. Kwa mtu huyu mahakama ya Doha kwa kawaida si mahali pa kuanzia. Mwenzio hayupo, mali haipo, mashahidi hawapo. Talaka yake ni ya nyumbani, inayoendeshwa kutoka mbali, na hapo kujisimamia kuna sura nyingine kabisa.

Chukua Tanzania Bara. Sheria ya Ndoa ya 1971 inaipa mahakama ya mwanzo uwezo wa kusikiliza talaka, na sheria inayoongoza mahakama za mahakimu inamruhusu ndugu, au mtu wa nyumba yako, akusimamie mbele ya mahakama ya mwanzo ukiomba na mahakama ikikubali. Kaka yako akikuambia, "Dada, wewe fanya kazi, huku nitasimama mimi," hakuambii porojo. Ni jambo ambalo sheria inalitambua. Mchague kaka mwenye subira, anayejua kusoma tarehe za mahakama, asiye na ugomvi wake mwenyewe na shemeji.

Kikwazo kiko kabla ya hapo. Shauri la talaka halifunguliwi mpaka mgogoro umepita kwenye baraza la usuluhishi la ndoa, liwe la kata, la Waislamu chini ya BAKWATA au la kanisa, na baraza limetoa hati kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Watu huidharau hati hii kwa kuwa inatolewa na wazee kwenye chumba chenye benchi mbili. Mahakama ya Rufani haiidharau. Katika rufaa ya Hassani Ally Sandali dhidi ya Asha Ally, namba 246 ya 2019, mashauri yote ya chini yalifutwa kwa sababu hapakuwa na hati halali ya baraza. Yalikuwa yamepita ngazi kadhaa, yakarudi sifuri. Kwa hiyo ukija likizo, siku za mwanzo zitumie kwenye baraza, kabla ya harusi na matanga. Hakikisha hati inayataja majina yenu yote mawili, ina muhuri, na inasema wazi kwamba usuluhishi umeshindikana.

Sheria ya Ndoa ina msamaha unaowahusu watu wa Doha, ila unawageukia. Mtu anaweza kufungua shauri bila kupita barazani kama mdaiwa anaishi nje ya Tanzania na hakuna dalili kwamba ataingia nchini ndani ya miezi 6. Mdaiwa, si mdai. Maana yake wewe uliye Doha huwezi kuutumia dhidi ya mume aliye Tanga, ila yeye anaweza kuutumia dhidi yako. Kuna watu wamekuwa wakituma fedha za mafuta ya kula kwa mtu ambaye tayari ameshawafungulia shauri. Ubalozi na ndugu wawe na anwani yako ya kweli, na barua yoyote ya mahakama ikifika kwenu usiidharau ukidhani mambo yatasubiri urudi.

Zanzibar ina mkondo wake, Sheria ya Ndoa ya 1971 haifiki huko. Waislamu huenda kwa kadhi. Kenya nayo ina makadhi wanaotambuliwa na Katiba ya 2010, kifungu cha 170, pale pande zote ni Waislamu na zimekubali kuhukumiwa hapo. Wakristo na waliofunga ndoa ya serikali hufuata Sheria ya Ndoa ya 2014 mbele ya hakimu. Kwa mtu wa Doha, Kenya ina faida moja kubwa: tangu janga la korona mwaka 2020 mashauri mengi husikilizwa kwa video na nyaraka kupelekwa kwa mtandao. Saa ya Doha na ya Nairobi ni moja, na hilo si nafuu kwa mlinzi wa zamu ya mchana, kwa kuwa shauri la saa tatu asubuhi linamkuta getini. Ila mahakama za Kenya zinafanya kazi Ijumaa, siku ambayo Doha wengi wamepumzika. Omba tarehe za Ijumaa. Karani hawezi kukuwazia hilo usipolisema.

Na jiandae kwa shutuma ya kutelekeza. Miaka 3 ya kumtelekeza mwenzio ni sababu ya talaka kwa ndoa ya Kikristo chini ya sheria ya Kenya, na mke au mume aliye nyumbani anaweza kudai kwamba wewe ndiye uliyeondoka. Jibu lako ni risiti. Kila fedha uliyotuma kupitia duka la kubadilisha fedha la mtaa wa Najma au Mansoura, kila ujumbe wa M-Pesa, weka. Ziwe kwenye simu, na nakala kwa dada yako.

Risiti hizo hizo ndizo zitakazoamua nyumba. Wengi walio Doha wamejenga kwa mkono wa mwingine: fedha zao, jina la mume kwenye hati, kaka ndiye fundi mkuu. Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilishasema mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, kwamba hata kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Kenya, Januari 2023, Mahakama ya Juu katika shauri la JOO na MBO ilikataa kwamba mali igawanywe nusu kwa nusu bila kutazama. Kila mmoja aonyeshe alichochangia. Mtu asiyeweza kuonyesha anakuwa kama hakuchangia. Nyumba ikiwepo na hati ikiwa na jina la mwingine, acha kujisimamia, kwa sehemu hiyo walau. Talaka kaka yako anaiweza. Kesi ya kiwanja chenye jina la mtu wa tatu haiwezi. Tanzania ina Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, na mashirika kama TAWLA na, Zanzibar, ZAFELA, yamesaidia wanawake katika mambo haya haya bila kuwatoza ada ya ofisi za mjini.

Hii ndiyo saa moja niliyoahidi kuirudia. Watu hudhani wakili ni wa kuajiriwa tangu mwanzo hadi mwisho au kuachwa kabisa. Unaweza kumlipa kwa kazi moja: asome makubaliano yenu ya watoto, akuambie khului itakugharimu nini, akuandikie hati ya uwakala ambayo ubalozi utaithibitisha na mahakama ya Korogwe itaipokea. Muulize bei ya kazi hiyo pekee, kabla hajaanza kukueleza maisha yake. Mwanasheria mwaminifu atakutajia. Kisha yanayobaki, ya kusimama na kusema ulivyoishi, yaseme wewe. Hakuna anayeyajua kukuzidi.

Kwa waliopata hukumu Doha, imebaki safari ya karatasi. Tanzania na Kenya zinatambua hukumu ya talaka ya nje, lakini zinatazama makazi: maskani huko, au kuishi huko walau miaka 2 kabla ya shauri. Kitambulisho chako cha Qatar na mihuri ya pasipoti ndivyo vitakavyoithibitisha miaka hiyo, kwa hiyo piga nakala kabla hujavirudisha au kuvibadilisha. Hukumu itafsiriwe, igongwe muhuri na Wizara ya Mambo ya Nje ya Qatar, kisha ubalozi wako. Fanya hivyo ungali na ukaazi halali na omba nakala mbili zenye muhuri wa mahakama, kwa kuwa kuifuata nakala ukiwa umesharudi Lamu kunahitaji mtu wa kumtuma, hati ya kumpa uwezo, na ada upya kila dirisha.